Neno "halali" katika simu halitoshi, tunahitaji ukaguzi

Mkazi wa Mukuru kwa Reuben siku hizi haendi mbali kutafuta kitoweo. Hufungua simu, akatazama picha za kuku wa kukaanga, sambusa, pilau na nyama ya mbuzi, akatuma pesa kwa M-Pesa, na baada ya muda mfupi mwendeshaji bodaboda humfikishia chakula mlangoni. Pembeni mwa picha hizo mara nyingi huandikwa neno moja la kutuliza moyo: halali. Wakati mwingine neno hilo huzungushiwa duara la kijani na herufi za Kiarabu, likapendeza kama muhuri wa serikali.

Swali ambalo wengi wetu hatuulizi ni hili: ni nani aliyekagua? Duara la kijani laweza kunakiliwa na mtoto wa shule kwa dakika moja. Halimwambii mnunuzi mnyama alichinjwa wapi, na nani, wala nyama ililala wapi usiku wa jana. Maoni yangu ni kwamba neno halali katika biashara ya simu, likiachwa bila njia ya kulithibitisha, ni hatari kwa imani ya Mwislamu na kwa tumbo la kila mlaji, awe wa dini yoyote. Dawa ya tatizo hili haiko mbali, na sehemu yake kubwa tayari tunayo humu nchini.

SOKO LISILO NA MACHO

Zamani mteja alikuwa na ukaguzi wake mwenyewe. Alisimama mbele ya bucha, akaona muhuri wa wino wa mkaguzi juu ya paja la ng'ombe, akanusa, akauliza habari. Aliyetaka nyama ya mbuzi alijua kwamba imetoka Kiamaiko, na wa ng'ombe alijua habari za Dagoretti. Katika vichinjio vingi vya ng'ombe na mbuzi hapa Kenya wachinjaji huwa ni Waislamu, kwa hiyo Mkristo na Mwislamu walikula nyama moja bila mzozo.

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na hasa baada ya simu za kisasa kushuka bei, ukaguzi huo wa macho umetoweka kidogo kidogo. Muuzaji hukaa jikoni ambako mteja hatafika kamwe. Huenda jiko hilo ni chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 kando ya Mto Ngong, mahali ambapo maji hununuliwa kwa mitungi na mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya maji machafu. Huenda umeme hukatika mara kwa mara, na jokofu, kama lipo, likawa kabati tu.

Sisemi haya kuwadharau wachuuzi wa Mukuru. Bila wao, vibarua wanaorauka alfajiri kwenda viwanda vya Industrial Area wangeshinda na njaa. Chapati, githeri, matumbo, vichwa na miguu ya kuku, mgongo wazi na omena ndivyo vilivyoushikilia mtaa. Ninachosema ni kwamba mchuuzi huyo huyo aliyekuwa akiuza mbele ya macho ya majirani sasa anauza kwa picha, na picha haina harufu.

Kuna jambo lingine ambalo Mwislamu wa mtaani hulijua vyema. Makaa yanayochoma nyama ya mbuzi ndiyo hayo hayo yanayochoma mutura, na mutura hutiwa damu. Kigari kimoja huuza smoki za ng'ombe na soseji za nguruwe, na kisu ni kimoja. Mafuta ya kukaangia nayo hayabagui. Mchuuzi hana nia mbaya. Hakuna tu aliyemwambia kwamba halali haiishii kwenye shingo ya mnyama.

HALALI NA KILICHO SAFI

Yafaa tuelewe sheria ya Kiislamu inadai nini. Mnyama awe ni wa kuliwa, awe hai wakati wa kuchinjwa, achinjwe na mtu mwenye akili timamu kwa kisu kikali, jina la Mungu litajwe, na damu imwagike. Mzoga ni haramu. Damu ni haramu. Nguruwe ni haramu.

Lakini Qurani haikuishia hapo. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, halali imetajwa pamoja na neno jingine, tayyib, maana yake kizuri, safi, kisicho na madhara. Maneno hayo mawili ni mapacha. Kuku aliyechinjwa kwa utaratibu wote wa dini, kisha akaachwa juani kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, ana nusu ya kwanza na amekosa nusu ya pili. Viini vya salmonela haviulizi kama bismilahi ilisomwa.

Kwa upande wa afya, katazo la mzoga lina maana kubwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe huenda alikufa kwa kimeta, maradhi ambayo humpata anayemchuna na anayemla. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu katika maeneo ya Kaskazini Mashariki mwaka 1997 na 1998, kisha tena 2006 na 2007, huenezwa na mbu na pia kwa kushika damu na nyama ya mifugo wagonjwa. Ndiyo maana mkaguzi wa mifugo hutakiwa kumtazama mnyama kabla ya kuchinjwa na kuitazama nyama baadaye, akitafuta minyoo, majipu na ini lililoharibika. Mchinjaji wa dini na mkaguzi wa serikali hufanya kazi mbili tofauti, lakini zinasaidiana. Mmoja akikosekana, mlaji yumo hatarini.

Nchi hii imeonja matunda ya kukosekana kwa ukaguzi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Mahindi hayana uharamu wowote, bali yalikosa usafi. Juni 2018 mjini Nakuru, mwanamume alikamatwa akichuna paka na akakiri kwamba aliwauzia wachuuzi wa sambusa nyama hiyo. Julai 2019 upekuzi wa runinga ya NTV ulionyesha jinsi kemikali ya sodiamu metabisalfaiti ilivyotumiwa kuifanya nyama kuukuu ionekane mbichi katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi. Kemikali hiyo yaweza kumletea mgonjwa wa pumu kukabwa na pumzi. Tujiulize: ikiwa macho ya wateja waliosimama mbele ya kioo cha duka yalidanganyika, je, picha ya simu itatuokoa?

NANI HUTOA MUHURI

Cheti cha halali hapa Kenya hutolewa na mashirika ya Waislamu wenyewe. Linalojulikana zaidi ni Kenya Bureau of Halal Certification, na Baraza Kuu la Waislamu Kenya, SUPKEM, lililoundwa mwaka 1973, nalo limekuwa likihusika na mambo haya kwa miaka mingi. Wakaguzi hutembelea kiwanda, kichinjio au hoteli, hutazama malighafi, hifadhi na usafi, kisha hutoa cheti cha muda ambacho lazima kifanywe upya.

Serikali kwa upande wake ina KEBS, shirika la kutathmini ubora wa bidhaa, ina sheria ya ukaguzi wa nyama na ile ya afya ya umma, na tangu ugatuzi wa 2013 kaunti ndizo zenye jukumu la vichinjio vyao na vibali vya afya vya wauza chakula. Katika ngazi ya dunia, kamati ya Codex ilipitisha mwongozo wa matumizi ya neno halali mwaka 1997. Kwa hivyo kanuni hazijakosekana.

Taabu ni kwamba cheti hufika kwenye kampuni na mahoteli, wala hakifiki kibandani. Ada, makaratasi na masharti ya jengo humshinda mama anayeuza sahani 30 kwa siku. Matokeo yake ni kuwa mwenye kibanda hutumia mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza huacha kabisa kutaja halali hata kama chakula chake ni halali. Wa pili hunakili duara la kijani kutoka kwa kampuni iliyolilipia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hujitembeza kwa nguo za kizuri.

Indonesia ina funzo kwetu. Nchi hiyo ilipitisha sheria ya bidhaa halali mwaka 2014, na kuanzia Oktoba 17, 2024 vyakula na vinywaji vya kampuni kubwa na za wastani vimelazimika kuwa na cheti. Wafanyabiashara wadogo waliongezewa muda hadi Oktoba 2026 na kufunguliwa mlango wao: mchuuzi hutoa tamko lake mwenyewe, msaidizi aliyefunzwa humtembelea na kuhakikisha, na kuna mpango wa serikali wa kulipia gharama. Sisemi Kenya ifuate sheria ya lazima. Katiba yetu, katika kifungu cha 8, yasema hakuna dini ya taifa. Lakini ule mpango wa msaidizi anayezunguka vibandani ungetufaa sana.

SHERIA ZASEMAJE KUHUSU PICHA

Baadhi ya watu hudhani kwamba biashara ya simu ni mpya mno hata sheria ya Kiislamu haina la kusema juu yake. Si kweli. Wanazuoni walijadili karne nyingi zilizopita hukumu ya kununua kitu ambacho mnunuzi hajakiona, bali ameelezwa sifa zake tu. Walio wengi waliruhusu, kwa sharti kwamba sifa ziwe wazi. Na kitu kikija tofauti na kilivyoelezwa, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha. Walikataza mauzo yenye utata wa kumdhuru mmojawapo. Na ipo habari mashuhuri ya Mtume Muhammad aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu. Alimkemea muuzaji vikali kwa kuficha kasoro. Picha nzuri juu ya nyama mbovu ni rundo lile lile.

Sasa tuseme mkazi wa Reuben ameletewa kuku, akagundua kwamba neno halali lilikuwa la uongo. Aende wapi? Wengi wangejibu, kwa Kadhi. Hapana. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pekee. Udanganyifu wa bidhaa ni jambo la sheria za kawaida za nchi. Kifungu cha 46 champa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora, haki ya kupewa habari za kweli na haki ya kulindwa afya yake. Ipo sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012, na ipo ile ya zamani inayokataza kuieleza bidhaa kwa uongo. Kwa hiyo kuandika halali pasipo halali ni kosa la kibiashara ambalo hata Mkristo aliyelaghaiwa aweza kulishtaki. Risiti ya M-Pesa na picha ya tangazo ni ushahidi, zihifadhi.

DAWA ZA SIMUNI

Katika ukurasa huu wa afya siwezi kupita bila kugusia dawa. Simu hizo hizo zinauza tembe za kuongeza nguvu, asali za kutibu kila maradhi na vidonge vya kupunguza unene, vyote vikipambwa kwa neno halali. Msomaji afahamu kwamba halali si uthibitisho kwamba dawa inatibu, wala kwamba haina sumu. Anayesimamia usalama wa dawa ni Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa isiyosajiliwa nayo isinunuliwe, hata ikiandikwa Kiarabu kuanzia mfuniko hadi kitako.

Kuna hatari ya upande wa pili. Jumbe huzunguka zikidai kwamba dawa fulani ya hospitali ina nguruwe, na mgonjwa huacha kuinywa. Ni kweli kwamba maganda ya vidonge vingi hutengenezwa kwa gelatini, na gelatini yaweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Ni kweli pia kwamba hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Lakini insulini ya wagonjwa wa kisukari, ambayo zamani ilitolewa kwa nguruwe na ng'ombe, ina aina inayotengenezwa kwa msaada wa bakteria tangu mwaka 1982, na ndiyo iliyoenea leo.

Wanazuoni wamelijadili jambo hili bila kuogopa. Mkutano wa shirika la Kiislamu la sayansi za tiba uliofanyika Kuwait mwaka 1995 uliona kwamba kitu najisi kikigeuka kabisa asili yake, kama gelatini, hukumu yake nayo hugeuka. Baraza la fikihi la Jeddah, mwaka 1986, lilikuwa limekataa gelatini ya nguruwe. Tofauti hiyo ipo. Lakini pande zote hukubaliana juu ya dharura: uhai wa mtu ukiwa hatarini na badala ya dawa haipo, katazo hulegezwa. Mwaka 2018 baraza la maulamaa la Indonesia lilisema chanjo ya surua na rubela iliyokuwapo ilitumia nguruwe katika utengenezaji, lakini likairuhusu kwa dharura. Kwa bahati mbaya wazazi wengi walisikia nusu ya kwanza tu, na idadi ya watoto waliochanjwa ikashuka. Somo ni kwamba mgonjwa asiache dawa kwa sababu ya ujumbe wa simu. Amuulize daktari au mfamasia kama ipo ya aina nyingine, kisha amuulize sheikhe anayejua.

HOJA ZA WAPINZANI

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya yataongeza bei ya chakula cha maskini. Hoja hiyo ina uzito. Mchuuzi wa Reuben tayari anabanwa. Wengine huanza siku kwa mkopo wa simu, na mkopo una siku yake ya kulipwa. Anayedaiwa jioni huona uchungu kutupa nyama ya jana. Ndiyo maana mpango wowote wa ukaguzi usije na faini mkononi. Mwaka 2023 Safaricom na Gulf African Bank walileta Halal Pesa, ufadhili wa simu usio na riba. Ikiwa fedha za halali zimeweza kumfikia mtu simuni, cheti cha halali kinashindwa na nini?

Wengine watasema Uislamu haukututaka tuwe wapelelezi. Wanakumbuka habari ya Bi Aisha, kwamba watu waliletewa nyama wasiyojua kama jina la Mungu lilitajwa, wakaambiwa walitaje wao na wale. Ni kweli, dini haitaki wasiwasi. Lakini nyama ile ilitoka kwa watu waliojulikana na jamii yao. Haikutoka kwa nambari ya simu ambayo kesho imezimwa.

Wa tatu watasema hili ni la Waislamu pekee, nao ni wachache mtaani. Mbona usafi wa jiko, chanzo cha nyama na ukweli wa muuzaji ni mambo ya kila mtu? Kipindupindu hakichagui msikiti wala kanisa.

LA KUFANYA

Kwanza, kila cheti cha halali kiwe na nambari inayoweza kuthibitishwa kwa ujumbe mfupi. KEBS ilishaonyesha njia: mteja hutuma nambari ya kibali kilicho kwenye bidhaa kwa 20023 na kujibiwa kama ni cha kweli. Bodi ya Dawa na Sumu nayo iliyapa maduka ya dawa nambari za namna hiyo. Mashirika ya halali yaungane na KEBS kufanya vivyo hivyo. Na usiwe ule mraba wa kupigwa picha pekee. Wakazi wengi wa Mukuru bado wana kabambe.

Pili, kuwe na cheti cha kikundi. Wachuuzi 20 wa eneo moja wanaonunua nyama kichinjio kimoja wakaguliwe pamoja na wachangie ada. Mukuru ilitangazwa eneo maalum la mipango na Kaunti ya Nairobi mwaka 2017, na wakazi wake wamezoea kukutana na kujipanga. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wafunzwe kutazama jiko la mchuuzi, na msikiti utoe mtu wa kuandamana nao.

Tatu, kaunti ilete maji safi na mahali pa kuhifadhia nyama kwa baridi. Kumdai mchuuzi usafi huku akinawa kwa maji ya mtaro ni kumwonea.

Nne, mnunuzi naye asilale. Kabla ya kutuma pesa, uliza nyama imetoka kichinjio gani na imepikwa lini. Omba nambari ya cheti kama halali imetajwa. Uliza kama mafuta na kisu vinatumika kwa nguruwe. Chakula kikifika, kiwe moto. Kikiwa vuguvugu na kina harufu, kirudishe na udai pesa zako. Muuzaji mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo, na mwenye kuudhika amekujibu.

Neno halali lilikuwa ahadi kabla halijawa picha. Ahadi huwa na mwenyewe, huwa na mahali anapopatikana, na huwa na siku ya kuulizwa. Mashirika yetu yakiweza kumrudishia mama wa Mukuru kwa Reuben mambo hayo matatu kupitia simu yake ya kabambe, hapo teknolojia itakuwa imetusaidia. Kabla ya hapo, usitume pesa kwa sababu ya duara la kijani.